Mapipa Manne ya Asali ya Kibondo

Hilux nyeupe ilikata kona ya Titye bila breki, ikarusha kokoto hadi kwenye mihogo ya watu.

Esteri Habonimana hakupunguza mwendo. Aliilaza pikipiki yake, Boxer, ubavu, akanyooka, akaongeza moto. Tangu Manyovu alikuwa akilishwa vumbi na gari hilo, na subira yake ilikuwa imefika ukingoni.

Redio ya Idara ya ujasusi ikakoroma sikioni, ikimwita kwa namba yake ya kazi.

"Tano, uko wapi?"

"Titye. Mita mia nyuma yake."

"Tunamtaka mzima."

"Mtampata."

Akachomoa Glock kwa mkono wa kushoto. Risasi mbili. Tairi la nyuma likapasuka, na Hilux ikaingia kwenye shamba la maharage kama mlevi aliyekosa mlango wa kwake.

Dereva alitoka mikono juu. Jina lake Cadet, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, kazi yake kuuza vitenge. Chini ya kiti chake Esteri alikuta chupa mbili zisizo na nembo. Alikuwa amebakiwa na karatasi moja tu ya kupimia sumu. Akaichovya. Ikageuka zambarau papo hapo.

Sumu ya wadudu, ile kali iliyopigwa marufuku.

"Zilikuwa ngapi?"

"Tatu, maman. Moja niliipeleka Kibondo jana, nikaiacha nyuma ya kanisa. Miye sijue bintu byabo. Muzungu alinituma, njo nikaenda."

"Nani aliichukua?"

Cadet akatikisa kichwa. Hakumwona.

Esteri alimwamini kwamba alitumwa tu, wala hajui mambo yao, na hilo ndilo lililomtisha. Esteri alimjua huyo Muzungu. Aliitwa Dorsel, mfanyabiashara wa mbao kutoka ng'ambo. Mara tatu aliomba msitu wa Kibondo, na mara tatu wanakijiji walimwambia hapana, tena kwa adabu zote za Kiha. Kwa nini wamuuzie? Miaka miwili nyuma soko la nje lilikuwa limeifungulia mlango asali yao. Tangu siku hiyo nyumba zilipata mabati, watoto walipata sare, na shoka halikusikika msituni, maana mti wenye mzinga ulilindwa kuliko ng'ombe mwenye maziwa. Kontena la kwanza kubwa, mapipa sitini, lilikuwa linaondoka leo saa nane. Sumu ikionekana ndani ya pipa moja tu huko ng'ambo, mlango ungefungwa kwa wote. Njaa ingewarudisha watu kwa Dorsel wenyewe, kofia mkononi.

Na humo msituni mlikuwa na mizinga arobaini ya Chantal, mama yake Esteri, mjane aliyevuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni.

Akapiga simu Kibondo.

"Baba, chupa moja ya sumu ya Dorsel imefika huko kwako. Zuia kontena."

"Nimekusikia, mwana wanje." Sauti ya Reverien, aliyemchukua kama mwanawe, ilikuwa tulivu kama siku zote. "Niachie mimi Kibondo. Wewe rudi Manyovu, umkamate Dorsel kabla hajavuka."

Reverien! Jasusi wa zamani, mstaafu, mlezi wa chama cha wafuga nyuki. Ndiye aliyesimama mbele ya maofisa Esteri alipoomba uraia, akasema huyu ni binti yangu, mwenye swali aniulize mimi. Ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, na ndiye aliyemwingiza kazini. Kama angemwambia aingie motoni, Esteri angeuliza tu mlango wa moto uko wapi.

Lakini Manyovu alikuwepo Nestori, mwenzake, tena palepale mpakani karibu na wabadilisha fedha. Akampa kazi hiyo kwa maneno sita. Akamkabidhi Cadet kwa mgambo wa Titye. Mzee wa watu asihangaike peke yake na mapipa sitini, akajisemea, ngoja nikamsaidie. Akageuza Boxer kuelekea Kibondo.

Mapenzi tu ndiyo yaliyompeleka. Msije mkasema alishuku kitu.

Alifika saa saba na nusu, mgongo umekufa ganzi. Kontena lilikuwa wazi uwanjani, vijana wanaimba, mapipa yanapakiwa.

Yanapakiwa! Hakuna aliyezuia chochote.

Asmahani, mwenyekiti wa chama, alimpokea kwa tabasamu na makofi ya salamu. Esteri akamuuliza kama mzee amewaambia neno lolote. Hapana, akajibu Asmahani, mzee amehimiza tu wafanye haraka. Sumu? Sumu gani tena? Uso wa mama yule ukapauka. Kila pipa lilikuwa limekwisha kufungwa kwa lakiri, na lakiri ikikatwa mzigo hausafiri mpaka ukaguliwe upya. Kukata zote sitini kungekuwa kuua safari.

Wazo baya lilimjia Esteri, akalisukuma pembeni. Labda mzee hakupata nafasi. Labda ana mpango wake. Mtu akimpenda mtu humtafutia udhuru hata kaburini.

"Nani alifunga mapipa?"

"Sisi wote, mzee akionja. Si unajua utaratibu."

Aliujua. Nani wa Buha, nchi ya Waha, asiyeujua? Mwenye kukupa kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Asiyeonja, usipokee chake. Chama kiliichukua mila hiyo kikaifanya sheria: hakuna pipa linalofungwa kabla mlezi hajatia kijiko kinywani.

"Ameonja yote sitini?"

Asmahani akasita. "Hamsini na sita. Yale manne ya mwisho alisema utamu umemkinaisha, tufunge tu. Tukacheka. Mzee tena, tungemlazimisha?"

Yoo.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, ila hakuna anayekwambia kinavyouma. Esteri alisimama pale juani akitamani angerudi Manyovu kama alivyoagizwa, akatamani asingejua. Mtu aliyefundishwa na Idara namna ya kuidanganya dunia nzima alishindwa jambo dogo la kuramba kijiko. Mgeni asingeliona kosa hilo hata angekaa Kibondo miaka kumi.

Akaomba mapipa yale manne yateremshwe. Akakata lakiri ya moja, akachota kijiko, akamwendea Reverien aliyekuwa ameketi kivulini kando ya ghala.

Mzee alimwona tangu mbali. Alikitazama kijiko, kisha macho yake.

"Nilikwambia uende Manyovu."

"Onja, Baba."

Waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja.

"Onja, kisha nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, nami nitapiga magoti."

Mkono wa mzee ukaenda kiunoni. Alikuwa mwepesi bado. Lakini Esteri alikuwa mwepesi zaidi, na aliyemfundisha ni mzee mwenyewe: alimkamata kifundo cha mkono, akakisokota, bastola ikaanguka vumbini, na asali ikamwagika kwenye kanzu nyeupe ya mzee. Reverien akaruka nyuma akaivua upesi kama inayowaka. Hapo hata watoto walielewa.

"Kwa nini?" Sauti ya Esteri ilikatika. "Sisi tumekukosea nini?"

"Unakikumbuka kinu changu cha alizeti pale Kasulu?" Reverien alisema polepole. "Watu ishirini walikula kwangu. Huu mpaka wa nchi ulipofunguliwa, mafuta ya nje yakaingia kwa bei ya maji, kinu kikafa. Nikalia, hakuna aliyenifuta machozi. Leo mlango uleule mnaushangilia. Nilitaka ufungwe. Basi."

"Na Dorsel angeufunga? Angetoka na msitu wote kupitia hapohapo."

Mzee akaitazama kanzu yake pale vumbini.

"Kwa hiyo kwa kuwa wewe ulizama, ukaona na mama yangu azame?"

Reverien akainamisha kichwa. Esteri akamfunga pingu. Alizifunga sawasawa, kama alivyofundishwa naye, na kwa hilo alijichukia kidogo.

Simu ililia. Nestori. Dorsel amekamatwa kizuizini, pasipoti mbili mfukoni.

Saa nane na robo kontena liliondoka na mapipa hamsini na sita. Asmahani alilisindikiza kwa miguu mpaka barabara ya lami, akilia na kucheka kwa pamoja. Yale manne yalibaki uwanjani chini ya ulinzi.

Redio ikakoroma. Makao makuu walitaka taarifa, haraka.

"Tano, jina la mtuhumiwa?"

"Reverien Niyubahwe."

"Kazi yake?"

"Mstaafu wa Idara."

"Uhusiano wako naye?"

Esteri alilitazama gari la polisi lililomchukua mzee likitoka getini. Nyuma ya kioo kichwa cheupe hakikugeuka.

"Tano, unanisikia? Uhusiano?"

"Andika baba."

Akazima redio, akavaa miwani yake ya jua, akaiwasha Boxer.