Konde la Bwana Mwema

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua la mwisho wa baridi, upepo kidogo, kuku wanaparura mlangoni. Nilikuwa kwa dada yangu Grizel tukikanda mikate ya shayiri, na mumewe Gilbert alisimama kizingitini akikwangua matope kwenye viatu.

"Shemeji, umekuja tena kunimalizia unga?"

"Nimekuja kumwona mtoto. Wewe nani akutazame, na pua hiyo?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, Gilbert. Baada ya siku ile sikumsikia akicheka tena.

Mtoto alikuwa wa kiume, wiki tano, kifua kibovu. Akikohoa, mwili wote ulijikunja kama jani motoni. Grizel alikwisha kuzika wawili kabla yake. Huyu alikuwa bado hajabatizwa, na kwetu asiyebatizwa jina lake halitamkwi, hata na mama yake. Kwa hiyo tulisema "huyu" tu. Huyu amelala. Huyu amenyonya.

"Mchungaji amesemaje?" nikauliza.

Gilbert akaangalia chini. "Amekataa. Yeye na wazee wa kanisa. Hawamtii maji mpaka nilime lile konde. Wanasema ni sadaka kwa shetani."

Grizel akaacha kukanda.

Konde lilikuwa nyuma ya zizi, kipande cha ardhi kilichozungushiwa mawe, hakijaguswa na jembe tangu enzi za babu wa babu yake Gilbert. Tulimwachia mwenyewe, ili asitamani mashamba mengine. Na mwenyewe hatukumtaja. Tulimwita Bwana Mwema, kwa adabu, vile unavyombembeleza mbwa mkali ukitaka kupita. Sasa kwetu mke naye hamtaji mumewe kwa jina mbele za watu. Humwita bwana mwema. Tulizoea kulifanyia utani kisimani. "Jana nilimwona bwana mwema wako kalewa," mmoja atasema, "au alikuwa yule mwingine?" Tunacheka mpaka maji yanamwagika. Hakuna aliyeona ubaya.

"Usilime," Grizel akanong'ona.

"Nisipolima, huyu atakufa bila jina. Watamfukia nje ya ukuta wa makaburi, kama paka. Ndivyo unavyotaka?"

Grizel aligeukia unga wake, akaukanda mpaka ukawa mgumu kama ngozi.

Gilbert alilima Jumamosi, mchana kweupe, wazee wawili wa kanisa wamesimama ukutani kushuhudia. Maksai walikataa kuvuka yale mawe.

"Vipi, Gilbert," mzee mmoja akamdhihaki, "wamemwona mwenye shamba nini?"

Gilbert akawafungua maksai, akachukua jembe, akalima kwa mikono yake. Udongo ulitoka mweusi. Ulikuwa na joto, kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Yule mzee mwenye dhihaka aliinama akaugusa, kisha akafuta kidole kwenye koti lake. Akafuta tena. Mpaka wanaondoka alikuwa bado anafuta.

Jumapili asubuhi Gilbert hakuweza kuinuka. Mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka mabegani. Jirani akaja kukaa naye.

"Nendeni," Gilbert akatuambia. "Shemeji, kaa karibu na dada yako. Nikipata nguvu nitawafuata."

Tukaenda. Kanisa lilijaa. Sisi wanawake tuliketi kwenye vigoda vyetu tulivyobeba kutoka nyumbani, wanaume wamesimama nyuma karibu na mlango. Mtoto alikohoa tangu zaburi ya kwanza hadi mwisho wa mahubiri. Ndipo mchungaji akatuita mbele, akawa anamtafuta Gilbert kwa macho, maana ni baba anayemwinua mtoto na kutaja jina.

"Mtoto huyu ni wa nani?"

Grizel akainamisha kichwa, kama alivyolelewa.

"Ni wa bwana mwema."

Alisema hivyo tu. Mke yeyote mle ndani angesema hivyo hivyo.

Nyuma yetu, mlangoni, sauti ya mwanamume ikaitika.

"Naam. Ni wangu."

Nilishukuru. Nasema kweli, nilishukuru. Nilidhani Gilbert amepata nguvu. Mlango ulikuwa wazi na jua lilinipiga machoni, nikaona kofia na mabega basi. Akapita katikati ya watu. Walimpisha, wala hakuna aliyemsalimu. Akampokea mtoto.

Kikohozi kikakatika.

Grizel akanishika mkono. Kucha zake ziliingia nyamani.

"Si yeye," akanong'ona. "Mdogo wangu, si yeye."

Alifungua mdomo apige kelele. Sauti haikuja. Yangu pia haikuja.

Mchungaji alikwisha kuchota maji. "Jina?"

Yule mtu akamwinamia, akamnong'oneza sikioni. Mchungaji akageuka rangi, akawa kama nta. Akanyunyiza maji. Alilitamka lile jina, niliona midomo yake, lakini halikumfikia mtu. Mara mtoto alikuwa mikononi mwa Grizel, na pale mbele hapakuwa na mtu mwingine.

Nyumbani tulimkuta Gilbert amepoa. Jirani alisema alikata roho kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia.

Baada ya miezi kadhaa Grizel alimfuata mchungaji, akapiga magoti matopeni.

"Niambie jina la mwanangu."

"Mwite upendavyo, mama."

"Nimemwita. Haitiki."

Mchungaji akafunga mlango. Theluji ilipoanguka alikufa, na jina akaenda nalo.

Mtoto hakukohoa tena. Alinenepa. Grizel alimwita Gilbert, akamwita kwa jina la baba yetu, akamwita kwa kila jina alilowahi kulisikia. Hakugeuka hata mara moja. Alitazama ukuta wa upande wa zizi tu, kutwa, kimya, kama mtu anayengoja zamu yake.

Alifika miezi kumi na moja, hajasimama bado. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nilikuwapo. Nje mtu akaita. Neno moja, kwa upole, kama mzazi anayemwita mwanawe aje kula.

Mtoto akasimama. Akatembea.

Grizel alimkamata nguo. Akabaki na nguo.

Tulipozunguka zizi, konde lilikuwa tupu. Grizel alilichimba kwa vidole siku tatu. Tukamwondoa kwa nguvu. Tangu hapo dada yangu hakurudi; tulimlisha, tulimvika, akaishi miaka kumi na tisa mingine, na hakuna siku aliyotuuliza chochote.

Lile jina nililisikia mchana ule lilipoitwa nje, na papo hapo likanitoka kichwani. Ndivyo nilivyodhani. Sasa nimezeeka, nasinzia kitini mchana. Juzi mjukuu wangu Euphan, ambaye naye ana kichanga, alinitikisa.

"Bibi, unamwita nani usingizini?"

"Simwiti mtu. Kwani nasemaje?"

Akafungua mdomo alitaje. Nikamziba kwa kiganja, nikakaza mpaka machozi yakamtoka.

"Limenitoka, Bibi," akasema nilipomwachia. "Sasa hivi nilikuwa nalo, limenitoka." Akamkumbatia mtoto wake. "Lakini ulipoita, kuna mtoto aliitika nje. Alisema, 'Naam, mama mdogo.'"

Nikajikokota hadi mlangoni. Kizingitini palikuwa na nyayo mbili za matope, peku, bado mbichi. Ningeweza kuzifunika zote mbili kwa kiganja kimoja. Vidole vilielekea ndani.

Nikatafuta nyayo za kutoka. Euphan naye akatafuta, mtoto kifuani, chumba kizima, mpaka chini ya vitanda.

Hatukuziona.