Slabu Iliyogoma

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Mpira mweusi ulitokeza chini ya kifusi cha zege na kumwaga maji juu ya kokoto, na kabla hajatazama kitu kingine Inspekta alikwenda kulifunga bomba. Kisha akarudi kumtazama mtu aliyekuwa ameushika mpira ule.

"Alikuwa juu, siyo chini," alisema daktari wa polisi, magoti yake yakiwa kwenye tope. "Alianguka na slabu, halafu kipande cha mwisho kikamlalia kifuani."

"Lini?"

"Alfajiri hii. Mwili haujakakamaa sawasawa."

Marehemu alikuwa fundi ambaye kila mtu alimwita Mpira, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumwagilia zege lisikauke kwa pupa. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hakuna aliyetakiwa kazini. Mkewe alikuwa amemsihi apumzike. Mpira akamjibu kwamba zege halijui Jumapili, akaondoka zake akipiga mluzi.

Jengo lilikuwa zahanati iliyokaribia kukamilika. Kuta zake zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, nene na laini, rangi ya chai ya maziwa, na hazikuwa na ufa hata mmoja. Kilichoanguka ni slabu ya kibaraza, paa bapa la zege lililotokeza mbele ya mlango bila nguzo ili gari la wagonjwa liweze kuingia chini yake. Mlinzi wa getini aliapa kwamba hakusikia kitu usiku kucha. Alipobanwa kidogo alikubali kwamba mtu aliyelala huwa hasikii.

Mhandisi wa jengo alifika kabla hata gari la maiti halijafika. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, na mafundi wote walimwita Mwalimu, maana nusu ya wahandisi wa mji ule walipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa akihubiri miaka nenda rudi kwamba watu wajenge kwa udongo wa palepale na zege la saruji kidogo lililochanganywa na majivu ya pumba za mpunga, majengo ya bei ndogo yasiyokausha mito wala kumaliza misitu. Asubuhi hiyo midomo yake ilikuwa mikavu.

"Wameiba propu," alimwambia Inspekta, akionyesha chini ya kifusi. "Zile nguzo za chuma tunazoegemezea slabu mpaka ikomae. Zege hili linakomaa taratibu. Lilikuwa linahitaji wiki tatu zaidi."

Akaomba kifusi kikatwe na kuondolewa haraka, vipande vilivyobaki visije vikamwangukia mtu mwingine. Lilikuwa ombi la busara. Inspekta akakubali, na hadi mchana slabu nzima ilikuwa imepondwapondwa na nondo zake kukatwa kwa gesi na kutupwa rundo moja. Baadaye alijilaumu sana kwa kukubali upesi namna ile.

Jioni Sajenti alirudi kituoni uso ukimeremeta. Alikuwa amemkamata mnunuzi wa vyuma chakavu, jamaa mnene aitwaye Kilo, na uani kwake zimekutwa propu zote zilizopotea.

"Niliziokota, afande," alisema Kilo.

"Wapi?"

"Mtaroni, nyuma ya ule ujenzi. Zimepangwa vizuri kama kuni za harusi."

"Propu zote hizo mtu azitupe tu?"

"Ndiyo maana nilifurahi."

Sajenti alicheka kwa dharau. Inspekta hakucheka. Alimuuliza Kilo ni kitu gani kilichomshangaza alipoziona, na Kilo akakuna kidevu kwa muda mrefu.

"Pini," alisema hatimaye. "Kila propu ina pini yake ya kuifungia, na pini ndiyo hupotea kwanza. Mimi nimenunua propu za wizi, sikatai, Mungu ananiona. Sijawahi kununua hata moja yenye pini. Hizi kila moja ilikuwa na yake, imerudishwa kwenye tundu. Mwizi gani huyo mwenye adabu?"

"Unajitia kitanzi kwa mdomo wako," alisema Sajenti.

"Kaka, kitanzi mmenivisha tangu mlipoingia."

Maabara ilileta majibu siku mbili baadaye. Kwenye mabomba ya propu kulikuwa na alama za vidole za Kilo, nyingi kupita kiasi. Kwenye pini hakukuwa na alama hata moja. Mtu mmoja alizishika kwa glavu, tena mtu asiyekuwa na haraka.

Hata hivyo mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe. Mtu amekufa, propu zimepatikana, mwenye propu yuko rumande. Kulikuwa na nini zaidi? Magazeti nayo yalikuwa na hukumu yao. Moja liliandika kwa herufi kubwa kwamba udongo umeua, na tayari diwani mmoja alikuwa anadai majengo yote ya namna ile yavunjwe. Inspekta aliomba apewe hadi Ijumaa. Akapewa, kwa kukunjiwa uso.

Alimkuta Mwalimu ofisini kwake, chumba chembamba kilichojaa vipande vya udongo wa rangi mbalimbali. Inspekta alisema amekuja kujifunza tu. Mtu akiziondoa propu za kibaraza kama kile, anaanzia wapi?

Swali lilimpendeza mzee. Alichukua rula, akaibana ukingoni mwa meza kwa kiganja, nusu yake ikining'inia hewani, na vidole vya mkono wa pili akavifanya propu.

"Slabu iliyoshikwa pande zote mbili unaanzia katikati. Ila hii imeshikwa upande mmoja tu, ukutani. Kwa hiyo unaanzia nchani, kule mbele, unarudi ukutani kidogokidogo. Unalegeza kwanza, hugongi."

"Na asiyejua?"

"Anaanzia popote. Anaweza kuangukiwa."

Inspekta alitoa picha ya asubuhi ile, iliyopigwa kabla kifusi hakijaguswa. Tundu la kuingilia kwenye ua lilikuwa nyuma, alieleza. Mwizi alipita ndani ya jengo na kutokea mlango wa mbele, kwa hiyo propu za kwanza kukutana nazo zilikuwa za ukutani. Hizo hazikuguswa. Zilikuwepo bado, zimepindishwa na kifusi. Zilizoondolewa ni za nchani na za kati.

Mwalimu aliitazama picha ile, akaiachia rula. Ikaanguka sakafuni na hakuna aliyeiokota.

"Basi mwizi wenu alikuwa fundi," alisema polepole.

"Huenda."

Alimsindikiza Inspekta hadi mlangoni, na hapo akamshika kiwiko. Alisema zahanati ya kwanza, ile iliyofunguliwa mwaka jana upande wa pili wa mji, ina kibaraza cha mchoro huohuo. Ingefaa Inspekta, kwa cheo chake, awashauri wakuu waweke nguzo mbili mbele yake. Ni tahadhari tu.

"Kule nako wameiba propu?"

"Kule hakuna propu. Slabu ilishakomaa."

"Sasa nguzo za nini?"

"Tahadhari tu, Inspekta."

Ndani ya gari Sajenti alikumbuka kwamba mzee alisema vilevile kwa waandishi wa habari, na kwamba alikuwa amekwenda wilayani kusema tena. Wilayani walimcheka kistaarabu. Kama tatizo ni wezi wa propu, walimwambia, dawa ni kuongeza walinzi.

Kilo angefikishwa mahakamani Jumatatu kwa kosa la kuua, na hilo lilimkera Inspekta vya kutosha. Lakini lililomsumbua sasa ni jingine. Mtu anayeijua slabu kuliko wote alikuwa anaiogopa slabu ambayo hakuna aliyeigusa, na chini yake kila asubuhi walikaa kina mama na watoto wachanga wakingojea chanjo.

Alijaribu njia ya halali. Maabara ya serikali ilikuwa na kifaa cha kuonyesha nondo zilivyolala ndani ya zege. Kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa. Kuitoboa slabu kulihitaji ruhusa ya wizara, na wizara ilimwomba aandike barua, asubiri. Kufunga zahanati nzima kwa hisia ya askari, hilo hawakutaka hata kulisikia.

Ijumaa asubuhi alimwomba muuguzi mkuu wa zahanati ile ya kwanza awaingize kina mama ndani, japo kwa saa moja. Muuguzi alimkata jicho. Ndani kulikuwa na joto na nafasi haba, alisema, na saa moja ya polisi anaijua ilivyo ndefu. Mwishowe alikubali, na Sajenti akazungushia utepe.

Inspekta aliketi peke yake kwenye benchi chini ya kibaraza. Alijiambia kwamba kitu kilichosimama mwaka mzima hakiwezi kuchagua asubuhi hii. Hakujiamini hata kidogo. Jasho jembamba lilimtiririka mgongoni na aliogopa kuegemea.

Mwalimu, aliyekuwa ameitwa na Inspekta, alikuja kwa miguu. Alipofika ukingoni mwa kivuli, akasimama.

"Karibu ukae," alisema Inspekta.

"Niko sawa hapa."

"Jua kali hilo."

"Nimelizoea."

"Jumamosi usiku ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani."

"Jirani yako anasema gari lako lilitoka."

"Nilitoka kidogo."

"Kwenda kulegeza propu, kuanzia nchani."

"Inspekta, toka hapo, tuzungumze huku."

"Kwa nini nitoke? Slabu imekomaa. Umeniambia mwenyewe."

Macho ya mzee yalikuwa juu, pale zege lilipokutana na ukuta, na Inspekta alipofuata macho yale akauona ufa mwembamba kama unywele. Alitaka kuinuka. Akashika ukingo wa benchi, akabaki.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mama mmoja kijana, mtoto begani, alichoshwa na joto la ndani. Aliinama akaupita utepe, akajitupa kwenye benchi upande wa nchani na kuanza kujipepea na kadi ya kliniki. Alikuwa anafungua kifungo cha blauzi amnyonyeshe mtoto wakati Mwalimu alipokuja mbio.

Aliingia chini ya kibaraza bila kuangalia juu tena. Alimshika yule mama mkono, akamwinua na mtoto wake, akamburuta hadi juani, huku mama akimtukana na mtoto akilia. Kisha akarudi. Alirudi chini yake mara ya pili, akamshika Inspekta bega.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Nondo ziko chini. Zilitakiwa ziwe juu. Inuka twende."

Walikwenda kusimama karibu na bomba la uani. Sajenti akamletea Mwalimu kiti.

"Sema," alisema Inspekta.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na nguzo mbili mbele, alisema. Slabu yenye nguzo mbele huwekewa nondo upande wa chini, maana hapo ndipo inapovutika. Wakuu wakataka gari la wagonjwa lipite, naye akazifuta nguzo. Ukizifuta nguzo lazima uzihamishie nondo juu. Hilo analifundisha mwaka wa pili. Siku hiyo alichoka, akafuta nguzo na kusahau nondo, na zahanati zote mbili zikajengwa hivyo.

"Uligundua lini?"

"Mwezi uliopita. Niliuona huo ufa. Hapo hakuna nondo, zege linajishikilia lenyewe tu. Linaweza kukaa miaka. Linaweza lisifike kesho."

"Kwa hiyo ukaamua kuiangusha ile changa."

"Ianguke ikiwa tupu. Jumamosi usiku, hakuna mtu. Wezi walaumiwe, mimi niseme vibaraza vyote sasa viwekewe nguzo, na hiki kipone bila mtu kujua. Nilizilegeza, nikazitoa, hata pini nilizirudisha. Mikono ilifanya yenyewe." Alifuta uso kwa kiganja. "Ikagoma. Nilikaa pale hadi jogoo wa kwanza, ikagoma kuanguka. Nikafikiri labda nimejitisha bure. Nikaenda kulala. Nililala vizuri, Inspekta."

"Hukurudishia propu."

"Sikurudishia."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nini? Ningesema nimekosea nondo, watu wangesikia udongo umekosea. Maisha yangu yote wamengoja jengo moja tu lianguke ili warudi kwenye saruji yao. Nilitaka kuulinda udongo."

Sajenti alitoa pingu. Mwalimu aliomba kwanza propu zilizoshikiliwa kituoni kama ushahidi ziletwe, na Inspekta akapiga simu mwenyewe. Zilipofika, mzee alisimama juani mikono ikiwa imefungwa mbele, akawaelekeza askari pa kuziweka moja baada ya nyingine, kuanzia ukutani kwenda nchani, na alimkaripia Sajenti kwa kukaza kupita kiasi. Kilo aliachiwa mchana huohuo. Alishukuru kwa adabu, kisha akauliza zile propu zake atazipata lini.

Kabla hajaingizwa garini, Mwalimu aliuliza kama mjane wa Mpira ameambiwa.

"Bado," alisema Inspekta. "Jana nilikuwa kwake. Hakuuliza habari ya udongo wala ya saruji. Aliuliza kitu kimoja tu: kama kuna mtu yeyote alijua."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kina mama nyuma yake, wakingoja kuruhusiwa kutoka.

"Mwambie nilijua," alisema.