Mfereji wa Koko Domitille

Kila alasiri, akishatoka shuleni na kula, Bella alibeba beseni la vyombo na kushuka kutoka mtaa wao wa Rugenge, mjini Uvira, hadi ziwani. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Kilichomchelewesha ni macho yake. Akishasugua sufuria ya mwisho alikaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, akatazama ziwa Tanganyika likibadilika rangi polepole, na milima ya Burundi ng'ambo ikitokea na kupotea katika ukungu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mama yake alishazoea kutuma mtu wa kumwita.

Wiki ile alikuwa na jambo la kuwaza kweli. Bibi yake mzaa baba, Domitille, ambaye nyumbani wote walimwita Koko, alikuwa karibu kutimiza mwaka tangu afariki. Jumamosi ya wiki iliyofuata familia ingeomba Misa na kumaliza matanga. Baba yake, Herménégilde, ambaye yeye alimwita papa, alimtaka Bella aandike maisha ya Koko ili ayasome mbele ya watu.

"Weye ndiye mwenye kuandika vizuri hapa nyumbani," alimwambia. "Mimi nikishika kalamu nitalia tu."

Bella alijaribu. Koko alikuwa ameishi nao miaka mitatu ya mwisho, lakini alipotafuta la kuandika aliona vitu vidogovidogo tu: viganja vigumu kama gome la mti, harufu ya moshi katika kitenge chake, sauti yake ikiuliza kila asubuhi kwa nini jua limechomoza na watu bado wamelala. Koko hakupenda kuona mtu amekaa bure. Hata alipokuwa mgonjwa aliomba aletewe maharage ayachambue. Hakujua kusoma, kwenye karatasi alitia kidole gumba. Ukurasa haukufika hata nusu.

Tena kulikuwa na jambo lililomuuma. Mwezi uliopita Bella alihudhuria matanga ya babu wa rafiki yake Émérance. Maisha ya mzee yule yaliposomwa, ilisemekana alikuwa inspekta wa shule na aliwahi kupanda ndege kwenda Ulaya. Watu walipiga makofi. Nani atampigia makofi mwanamke wa kutia kidole?

Basi Bella akaanza kumwota Koko mwingine. Pale juu ya jiwe, maji yakimlamba miguu, alimwona msichana Domitille katika shule ya masista, kitabu cha Kifaransa mkononi. Akamwona amevaa nguo nyeupe ya mkunga. Akamwona juu ya meli, akielekea Kalemie kuwafundisha wakunga wenzake, upepo ukimpepea kilemba. Aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, kurasa nne. Ndoto ile ilikuwa tamu kiasi kwamba alipofika mwisho alimkumbuka yule mkunga vizuri kuliko alivyomkumbuka Koko mwenyewe. Papa alipomuuliza kama amemaliza, alijibu kwamba amemaliza, ila papa atayasikia siku yenyewe.

Jumapili shangazi yake Florentine, dada mkubwa wa papa, alimchukua kwenda Katogota kuleta mchele wa matanga. Gari liliondoka mapema, likapita Sange, likapita Luvungi, na uwanda wa Ruzizi ukafunguka pande zote, majani yake yakiinama na kuinuka. Bella hakuwa amefika Katogota tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni.

Shamba la Koko lilikuwa pembeni kabisa mwa kijiji. Mpunga ulikuwa umekomaa, na kando yake ulipita mfereji wenye maji safi, ukakata mashamba mengine mengi hadi macho yalipochoka kuufuata. Mzee mmoja aliyeitwa Ezéchiel, jirani wa zamani wa Koko, alikuwa akiondoa majani yaliyoziba maji. Alimtazama Bella usoni.

"Weye ni wa kwa Domitille," alisema. "Paji la uso ni lile lile."

Shangazi alipoenda kufunga magunia, mzee alikaa ukingoni na kumsimulia Bella habari ambazo Koko mwenyewe hakuwahi kuzisimulia. Zamani pale palikuwa na kinamasi kitupu, matete na mbu. Domitille alifiwa na mume akiwa bado kijana, watoto wanne mkononi, na ndugu za mume wakalichukua shamba zuri alilokuwa akililima. Walidhani atarudi kwao. Yeye akaenda kwa chefu wa kijiji, akaomba apewe kinamasi. Chefu alimwonea huruma, akamkatalia. Akarudi kesho yake. Akarudi tena, hata chefu akampa ili apumzike.

"Alichimba mfereji huu peke yake," mzee alisema. "Misimu miwili ya kiangazi, mtoto mgongoni, huyo papa yako. Sisi wanaume tulipita njia hii tukicheka. Mimi pia nilicheka. Yeye aliendelea kuchimba. Halafu maji yakaondoka, udongo ukabaki mweusi, akapanda mpunga."

Hapo ndipo waliocheka, ambao mashamba yao yalikuwa makavu, walipokuja kuomba kuuendeleza mfereji hadi mashambani kwao. Domitille alikubali, kwa masharti mawili: kila mtu achimbe mbele ya shamba lake, na mashamba ya wajane yapate maji kwanza. Wengine walinung'unika, wakamwita mwenye kichwa kigumu. Masharti hayakubadilika, na bado walikuwa wakiyafuata. Kwa mpunga ule watoto wote wanne walisoma.

Bella alitumbukiza mkono majini. Akamwona Koko akiwa msichana mwembamba, matope hadi magotini, jembe likipanda na kushuka katika jua kali, na wanaume wakicheka barabarani. Safari hii hakuwa amebuni kitu.

"Jumamosi tutashuka Uvira, sisi wote wa mfereji," Ezéchiel aliendelea. "Tumeambiwa mjukuu wake ameandika. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo."

Bella akautoa mkono majini. Aliwaona watu hao wakisafiri njia ile ndefu, wakikaa kwenye viti, kisha wakisimuliwa habari za mkunga wa Kalemie wasiyemjua.

Waliporudi nyumbani hakusubiri hata kuvua viatu. Alimpelekea papa kurasa zake nne. Papa alisoma taratibu, akageuza kurasa, akarudi mwanzo.

"Huyu ni nani?" aliuliza mwishowe.

"Si Koko," Bella alijibu, macho chini. "Nilimbuni mimi. Niliona haya kusema kwamba Koko alikuwa mulimaji tu, na hakujua kusoma. Nisamehe, papa."

Papa hakumpiga wala hakupaza sauti; alizikunja zile kurasa, akamrudishia. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alibebwa mgongoni kando ya mfereji ule, na kwamba siku tano zinatosha kuandika upya. Kila jioni kabla ya chakula alikaa naye, akamjibu maswali yote. Na kweli alilia, mara mbili.

Jumamosi, baada ya Misa, ua ulijaa. Bella alisimama akasoma. Alisema kinamasi, akasema kidole gumba, akasema kichwa kigumu, na watu wa Katogota wakacheka kwa furaha, Ezéchiel kuliko wote. Alipomaliza hapakuwa na makofi. Ila mama mzee aliyeitwa Bernardine alisimama kwa shida na kuomba neno.

"Mutoto amesema vizuri, lakini iko jambo halijui," alisema. "Mume wangu aliponiacha nilikataa kula, nikajifungia. Domitille alikuja kila asubuhi na majembe mawili, akasimama mlangoni pangu bila kubisha. Siku ya nne nilitoka. Nikachukua moja."

Akaketi. Mwingine akasimama naye akaongeza lake, kisha mwingine, na alasiri nzima Koko akawa anakua mbele ya macho ya Bella.

Shangazi Florentine alimvuta karibu. "Unaona?" alimwambia kwa upole. "Yule mkunga wako alikuwa mzuri, lakini hapa hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwongezea neno, maana hakuna aliyemjua. Ukweli umewapa watu wote mahali pa kuingia. Usione haya kwa kazi ya mikono ya wazazi wako, mwanangu, wala usiwavike nguo ambayo si yao. Sasa nyamaza tusikilize, yule baba naye anasimama."