Zamu ya Mashine Nambari Tisa

Vumbi la pamba lilikuwa jipya. Mtunza makumbusho aliliokota chini ya mashine ya kufuma nambari tisa, bado lina joto, ilhali mashine ile ilikuwa haijatiwa uzi tangu kiwanda kifungwe na jengo kugeuzwa makumbusho ya wafanyakazi.

"Hilo jini," mlinzi alinong'ona. "Mimi humo siingii tena, hata kwa dawa."

Wanafunzi wa kwanza wangefika asubuhi hiyo hiyo. Mtunza akamwita shangazi yake, aliyefuma humo ujana wake wote. Shangazi alisimama mlangoni akinusa: mafuta ya moto, jasho la watu wengi.

"Jini au marehemu, sijui, mwanangu. Anachongoja nakijua. Si nilikuhadithia? Zamu ikiisha, huachi mashine mpaka mwenzio ashike mpini aseme, 'Nimepokea, nenda.'"

Kweli alimhadithia, na mtunza alikuwa ameiandika desturi hiyo kwenye kibao kando ya mashine, watoto waichezee.

"Mfumaji wa nambari tisa alikata roho hapa hapa, wa kumpokea hajafika."

"Basi mpokee, shangazi, apumzike."

"Una haraka wewe, kama chungu chako kinaungua." Lakini alitabasamu, akashika mpini. "Nimepokea, dada. Nenda."

Upepo ukapita kati yao, ukatoka. Shangazi akajaribu kuachia, mkono ukagoma, na mpini ukaanza kwenda na kurudi, polepole kwanza, kisha kwa kasi ya zamani, ukimyumbisha bibi yule na magoti yake mabovu, huku chumba kikijaa kishindo cha mashine zilizokwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na pumzi yake ikikatika kama uzi mbovu.

"Usishike," alisema kwa shida. "Nakuomba, usiseme kitu."

Ndiye aliyemlea. Mtunza akashika mpini. "Nimepokea, shangazi. Nenda."

Miguu ikamtoa shangazi mbio bila yeye kutaka, akaanguka kizingitini amezimia. Mlinzi akambeba kumkimbiza hospitali.

Mtunza akabaki akivuta na kusukuma, mabega yakiwaka moto. Baadaye mlango ukafunguliwa, mwalimu akaingiza watoto. Mmoja akakisogelea kibao, akasoma kwa sauti: "Shika hapa, useme: Nimepokea, nenda." Akacheka, akanyoosha mkono.

Mtunza alijua la kumwambia. Alikuwa amechoka mno, na hakulisema.