Jina Lililotajwa Mbele ya Kamelia

Asubuhi moja ya Novemba, Fusae na kaka yake Tokuji walifika kwa mteja wao, bibi Hirata, kama walivyozoea kila mwaka, kufunika vichaka vya bustani kwa mikeka ya majani ya mpunga kabla theluji ya milima ya Hida, kule Japani, haijavivunja matawi. Safari hii palikuwa na kazi ya ziada. Bibi alitaka kamelia ya mlangoni, mti mkongwe wa maua, ing'olewe, mwanawe apate pa kuegesha gari.

Watunza bustani wa kule hawaugusi mti mkongwe hivi hivi. Anayeung'oa huumwagia pombe ya mchele, akanyunyiza chumvi, akainama na kutaja jina lake mwenyewe, ili mti ujue wa kumlaumu ni nani. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya baba yao, na baba alishafariki. Fusae aliitazama ile kamelia, akarudi hatua moja nyuma.

"Niachie mimi," Tokuji akasema. "Wewe kalete chai, mwoga mkubwa. Utazimia hapa bure."

Fusae akacheka. Akaenda jikoni kwa bibi akimshukuru Mungu kwa kumpa kaka wa namna ile.

Kamelia iling'oka kabla ya chakula cha mchana. Wakahamia kwenye vichaka vya azalia. Fusae alikuwa amepiga magoti akikaza kamba aliposikia mtu akimwita kutoka ndani ya mkeka.

"Fusae."

Akaruka nyuma. Akaufungua. Majani matupu. Akasogea kwenye kichaka kingine, akakifunika.

"Fusae."

Sauti ilikuwa karibu zaidi. Pumzi yake ilimgusa shavu, baridi kama maji ya kisima.

"Kaka," akanong'ona. "Ulitaja jina la nani pale?"

Tokuji hakugeuka. Aliendelea kusokota kamba.

"Kaka! Nakuuliza."

"Nina watoto, Fusae. Wewe nani anakutegemea?"

Huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda shule theluji ilipowafika kiunoni. Huyu ndiye aliyemmegea keki yake ya mchele kila mwaka mpya. Leo amemtuma chai, kisha akamuuza nyuma ya mgongo wake. Uchungu huo ulizidi hofu yenyewe.

Bado angeweza kujiokoa. Angelitaja jina la Tokuji pale kwenye shimo la kamelia, mambo yageuke. Akaenda. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Akainama. Akafungua mdomo.

Akawakumbuka wale watoto wanaomwita shangazi.

Akaufunga.

"Fusae," shimo likasema, kwa upole.

Tokuji anaapa mpaka leo kwamba hakusikia kelele. Alipogeuka, dada yake hakuwepo. Juu ya shimo ulisimama mkeka uliofungwa barabara, kimo cha mtu mzima. Akauzunguka. Akaupapasa juu mpaka chini akilia na kuomba radhi, akitafuta pa kufungulia. Hakupata fundo hata moja. Ikabidi aupasue kwa kisu.

Ndani hamkuwa na mtu. Mafundo yote yalikuwa upande wa ndani, yamekazwa na mkono ulioijua kazi.