Mikono ya Fundi Thuranira

Mume wangu Thuranira anatengeneza redio. Hapa Mikinduri, mwaka ule wa 1996, redio ikinyamaza watu walisema, "Peleka kwa Thuranira." Aliitegea sikio, akaipiga kofi moja la mapenzi, ndipo akaifungua. Mimi humwambia kwamba hata mimi hajawahi kunisikiliza hivyo.

Kazi aliifanyia nyumbani. Meza yake ilikuwa katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Kutoka hapo hadi jikoni kwangu ni hatua nne tu. Nilipenda hivyo. Niliponda mukimo wa viazi na mahindi nikisikia salamu za redio, naye akinitania kutoka kule, "Mama Kanana, hicho chakula kimeiva au bado unakiombea?"

Kanana ni binti yetu. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Kila siku saa nne ya asubuhi Thuranira alimpakata, akachukua ndizi ya kuchoma na kummegea vipande vidogo kwa vidole vyake. Kimoja cha mtoto, kimoja chake. Mchana alitafuna miraa huku akifanya kazi. Mkono huo huo ulishika redio, ukaenda mdomoni, ukarudi kwa redio.

Fundi huunganisha vipande vya redio kwa waya laini wa lehemu. Anauyeyusha kwa chuma chenye moto, unashika, unakauka. Mikono ilipokuwa haitoshi, Thuranira aliushika waya huo kwa meno. Matone yaliyoanguka sakafuni aliyaokota. Yakiwa mengi, aliyayeyusha katika mkebe juu ya jiko langu, apate ya kutumia tena.

"Hatutupi mali," alisema.

Nami nilimsifu, haki ya Mungu. Nilijua nimeolewa na mtu asiyepoteza.

Kisha Kanana akaanza kukataa chakula. Tumbo lilimuuma, na choo kikawa kigumu. Alikuwa akijua maneno kama kumi: baba, mama, nipe, ng'ombe. Maneno hayo yakaanza kupotea, moja baada ya jingine. Kufikia mwezi wa nne hakusema neno lolote. Aliinua mikono tu ili abebwe. Tulimpa dawa ya minyoo mara mbili. Mama mkwe akasema ni jicho la mtu. Kanisani walimwombea. Mimi nililia nikiwa peke yangu shambani, ili Thuranira asinione, kumbe naye alikuwa akilia kivyake.

Jumamosi moja jirani yetu Wambeti alileta redio yake. Wambeti ni muuguzi wa zahanati. Ni mtu wa Kianjokoma, kule Embu, lakini kazi ilimleta huku kwetu.

"Muga, Baba Kanana."

"Muga, sista. Karibu. Imenyamaza tena?"

Wambeti alikuwa akimtazama mtoto. Ilikuwa saa nne, na Kanana alikuwa mapajani mwa babake, akimegewa ndizi.

"Baba Kanana, umenawa mikono?"

"Hii? Hii ni safi, sista. Sijashika jembe tangu mwaka jana!"

Wambeti hakucheka. Aliniomba kitambaa cheupe chenye maji. Akaushika mkono wa mume wangu na kupangusa vidole kimoja kimoja. Kitambaa kikawa cha kijivu.

"Huu si uchafu wa shamba," akasema. "Nadhani ni risasi."

"Risasi ya bunduki?" nikauliza.

"Ni madini hayo hayo, Mama Kanana. Yamo ndani ya huu waya. Hayana harufu, kwa hivyo hujui yakiingia. Yanaingia kwa mdomo. Yanatoka mikononi, yanaenda kwa chakula. Yanakaa kwa vumbi la sakafu, na mtoto anacheza hapo. Na ule mkebe mnaochemsha jikoni ni mbaya zaidi. Mtu mzima anaumia polepole. Mtoto anaumia haraka, kwa sababu ubongo wake bado unajengwa."

Thuranira akacheka, lakini si kicheko chake. "Sista, mzee Misheck aliyenifundisha kazi alishika waya kwa meno miaka ishirini na tano."

"Na sasa anaendelea aje?"

Mzee Misheck alikuwa akitetemeka mikono hadi kikombe kikamwaga chai. Majina ya watoto wake alianza kuyasahau. Sisi tulisema ni uzee, na hakuwa amefika hata miaka sitini.

"Siwezi kusema ni risasi kabla hajapimwa," Wambeti akasema. "Lakini huyu mtoto tunaweza kumpima."

Akachukua boksi ambalo waya ulikuja nalo. Thuranira alikuwa akiweka skrubu ndani yake. Wambeti akasoma maandishi madogo ya Kiingereza, akatueleza kwa Kiswahili: "Ina risasi. Usile wala usivute sigara ukiitumia. Nawa mikono ukimaliza. Weka mbali na watoto."

"Miaka sita niko na hilo boksi," Thuranira akasema. "Sijawahi kusoma hapo."

"Kwani hakuna waya usio na risasi?" nikauliza.

"Nasikia ng'ambo wanaujaribu," Wambeti akasema. "Huku madukani sijauona. Huu bado unauzwa, na hakuna askari atakuja hapa kukuuliza umenawa au hujanawa. Hiyo sheria iko kwa boksi. Mtu wa kuishika ni wewe."

Thuranira akatazama ndizi iliyokuwa mkononi mwa Kanana. Ilikuwa na alama za kijivu za vidole vyake. Akamnyang'anya. Mtoto akaangua kilio, akainua mikono abebwe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, babake hakumbeba. Alimweka chini, akasimama ameinua mikono yake mbali naye, kama mtu aliyeshika kinyesi.

"Mama Kanana," akaniambia, "ni mimi nimekuwa nikimlisha."

Hasira nilikuwa nayo, tayari kinywani. Lakini nilipomtazama usoni nikaimeza. Tena jiko lililoyeyusha yale matone lilikuwa langu.

Jumatatu tulienda hospitali. Damu ya Kanana ilitolewa ikapelekwa Nairobi. Baada ya wiki tatu tukaambiwa risasi ilikuwa nyingi. Daktari alisema dawa ya kwanza ni kuzuia nyingine isiingie. Alisema pia tumpe mboga za majani, maharagwe na maziwa, na tumrudishe kila mwezi.

"Maneno yatarudi?" Thuranira akauliza.

"Tunatumaini. Siwezi kuahidi."

Hatukungoja. Thuranira alijenga kibanda cha mabati nyuma ya boma, mbali na jikoni, chenye madirisha mawili. Aliacha kuyeyusha matone. Sasa huyaweka katika mkebe wenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki. Waya hauingii mdomoni. Shati la kazi linabaki kibandani, na ninalifua peke yake. Mimi niliacha kufagia sakafu ikiwa kavu, kwa sababu vumbi linaruka. Napiga deki kwa maji na sabuni.

Miraa ndiyo iliyoleta kelele. Hapa kwetu marafiki huja kuketi na fundi, watafune wakipiga domo. Thuranira aliandika mlangoni kwa chaki: HAKUNA KUTAFUNA HUMU.

"Woi! Thuranira ameokoka!" wakamcheka.

"Sijaokoka. Tafuneni huko nje. Na mimi nikitaka kutafuna, nitanawa kwanza nitoke."

Mazoea yana taabu. Jioni nyingine alisahau, akaja mbio kumkumbatia mtoto. Kwa hivyo nikawa ninasimama mlangoni na Kanana, na kila akija ninapaza sauti: "Nawa!" Hata akiwa amenawa, nilisema. Nilikuwa naogopa.

Mwezi wa tisa damu ya Kanana ilipimwa tena. Risasi ilikuwa imepungua kwa nusu. Alikuwa anakula vizuri na amenona mashavu. Lakini bado alikuwa kimya. Thuranira hakuuliza tena juu ya maneno, na mimi sikuuliza.

Jioni moja ya mwezi wa kumi alitoka kibandani. Alikuwa amenawa na kubadilisha shati. Nilimwona kwa macho yangu, kwa hivyo siku hiyo sikusema kitu. Akachuchumaa, akamfungulia mtoto mikono.

Kanana hakwenda. Akarudi nyuma, akashika sketi yangu, akamnyooshea babake kidole.

"Nawa!"

Lilikuwa neno zima, halina kasoro. Mimi na Thuranira tulitazamana. Thuranira angeweza kumwambia kwamba amekwisha kunawa. Hakumwambia. Alirudi kwenye karai la kunawia, akapaka sabuni hadi viwikoni, akanawa polepole huku machozi yakimdondoka majini.

"Sasa je?" akauliza, akimwonyesha viganja vyote viwili.

Kanana akavikagua, kimoja, halafu cha pili. Kisha akaenda kukaa mapajani mwake.