Kikwembe ya Feti Haiko ya Kujifunzia

Ile habari niliisikia ku robine, fasi tunachota maji, hapa kwetu mu komini ya Kenya, Lubumbashi. Balisema kuko binti moja ya ku Katuba, alikuwa anakata kikwembe, kitambaa yenye sura ya Bikira Maria, makasi ikapita katikati ya uso. Kidole yake ikajikunja, haikunyooka tena.

Nikajiambia: ni maneno ya bantu tu. Lakini nikipika bukari, inarudi. Nikisali, inarudi. Sababu mutoto yangu Joëlle alikuwa ameanza kushona.

Alikuwa na mashini ya nkambo, bibi yake, ile ya kuzungusha na mukono. Aliisafisha, akaitia mafuta. Alijua kupitisha mushono mbele na nyuma ku kipande ya nguo. Nguo ya kumaliza, hata moja, alikuwa bado kushona.

Njo siku moja tantine Nkandu akafika. Ni dada ya bwana yangu, tena iko mu kikundi ya bamama ya parokia. Kila mwaka, ku feti, sikukuu ya Bikira ya mwezi wa munane, bale bamama bote banavaa kikwembe ya namna moja. Iko na sura ya Bikira ndani ya duara, kila fasi.

"Joëlle, unishonee bubu, ile nguo ya kupana," alisema. "Bashonaji ya ku soko bamejaa kazi."

"Tantine, niko bado najifunza."

"Bubu ni kintu gani? Unakunja kikwembe, unatoboa fasi ya kichwa, unashona mbavu. Imeisha!"

Mimi nikaingia kati. "Tantine, tafuta muntu mwingine. Bantu banasema ukikata uso ya Bikira..."

"Mama Joëlle, weye na woga yako! Hata jua ikitoka, unauliza nani aliituma." Akageukia mutoto. "Usiniharibie tu. Ku parokia bikwembe imeisha, hakuna ingine."

Joëlle akafanya sawa vile aliambiwa. Alikunja kikwembe, kunjo ikae ku mabega. Akakata tundu ya kichwa. Makasi ikapita mu sura moja ya Bikira, nikafunga macho. Kisha akaivaa, aone namna inakaa.

Ku mbele, muzuri kabisa. Nikamugeuza. Ku mugongo, ba Bikira bote kichwa chini.

Nikapiga kelele. Joëlle akaenda ku kioo, akageuza shingo, akaona. Akaitoa mu mwili polepole. Alafu akaanza kuangalia bidole yake.

"Mama, mukono inaniuma."

"Inakuuma wapi?"

"Sijui. Yote. Mama, uzisha hii mashini. Sitashona tena."

Alikuwa hasemi kwa hasira. Ingekuwa hasira, ningengoja ipite. Alikuwa anaogopa, na ile woga alikuwa ameitoa mu kinywa yangu. Nikakunja kikwembe, nikaificha chini ya mukono, nikamukokota Joëlle mpaka kwa Mama Germaine. Ni jirani yetu, anashonaka mbele ya nyumba yake, karibu na barabara.

Mama Germaine akafungua kikwembe, akacheka kwanza. "Eh, Maria! Banakugeuza sawa muntu anaanguka mu kisima!"

"Usicheke," nikasema. "Angalia mukono ya mutoto." Nikamuelezea habari ya binti ya Katuba.

Akanyoosha bidole yake mbele yetu. "Nakata sura ya Bikira kila mwaka. Angalieni. Hii moja tu imepinda, na iko mulango ya taxi-bus njo iliipinda." Alafu akaacha kucheka. "Ule binti namujua. Jina yake Chancelvie. Mwangaza ilikuwa kidogo, kuran ya umeme ilikatika. Alikuwa anasukuma nguo, kidole karibu na sindano. Sindano ikamuingia, ikavunjika ndani. Habakumupeleka ku hospitali. Balimukanda na mafuta, bakangoja. Kidole ikavimba, ikatoka usaha, ikakauka vile. Makasi haina kosa. Bikira naye hana kosa."

Kumbe kulikuwa kintu ya kuogopa kweli, na mimi nilikuwa naogopa ingine.

Joëlle akauliza kwa sauti ya chini: "Na kikwembe? Inaweza kupona?"

"Ngoja nikuonyeshe kwanza nini ilifanyika. Kikwembe ya maua ya kutawanyika haina juu wala chini. Lakini hii iko na njia moja, sura zote zinaangalia juu. Ukiikunja ku mabega, mbele inasimama, nyuma inalala kichwa chini. Hii inataka vipande mbili na mushono ku mabega. Ulikata mbavu?"

"Hapana, tundu ya kichwa tu."

"Basi inapona. Lakini leo hauigusi. Mama Joëlle, uko na shuka ya zamani?"

Nikaleta.

Mama Germaine hakumupa uzi. Alimupa karatasi yenye mistari, akamuambia apitishe sindano ya mashini bila uzi, afuate mustari. Ikienda kando, anaanza tena. Mukono ulipozoea, njo akamupa shuka.

"Kintu ya kwanza ni funiko ya muto. Mishono yote inanyooka. Haiombi fermeture, ile zipu, wala vifungo. Nyuma unaacha vipande mbili vipandane, muto inaingilia pale."

Joëlle akachora mistari na kipande ya sabuni, akakata, akashona. Akashona pande zote, hata ile ya nyuma.

"Nyumba yako haina mulango," Mama Germaine akasema. "Muto itaingilia wapi? Ku dirisha?"

Joëlle akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile kikwembe. Akafumua, akashona tena.

Kisha ya muto akashona mufuko ya soko, yenye mikono mbili. Alafu jupe, sketi ya elastiki ku kiuno, ya mudogo wake. Kila kintu ilimufundisha jambo: muto, kunyoosha; mufuko, kukaza fasi yenye inabeba uzito; jupe, kupima mwili ya muntu.

Feti ilikuwa inakaribia njo Mama Germaine akasema: "Lete sasa Bikira."

Balijaribu kwanza ku shuka. Alafu Joëlle akakata kikwembe pale ilikunjwa ku mabega, akageuza kipande ya nyuma, sura zikasimama. Akafunga mabega na mbavu na mushono. Alama ya tundu ya kichwa ikabaki chini ku nyuma, akaikata, na mbele akaifupisha sawasawa. Bubu ikaisha ku magoti.

Tantine Nkandu akaivaa. "Iko mufupi!"

"Utafunga kikwembe ingine chini," Joëlle akamujibu. "Na ku mugongo, tantine, jiangalie ku kioo."

Akajiangalia. Hakuitoa mpaka alimaliza chai yake.

Siku ya feti tulikaa nyuma, mu misa. Mama moja mbele yetu alikuwa na ba Bikira kichwa chini, mugongo yote. Tantine akanigusa na kiwiko. "Ule nani alimushonea?" Mu mwaka ule, bamama mbili balileta bikwembe kwa Joëlle. Akabauliza kwanza: "Iko na njia moja ao haina?"

Mama, kama mutoto yako anaanza kushona, chunga haya:

Usimupe kikwembe ya feti, ya ndoa ao ya matanga kwa kazi ya kwanza. Umupe shuka ya zamani.

Asianze na kola, mikono ya libaya, ile blauzi, ao fermeture. Aanze na bintu ya kunyooka.

Asikate mbele ya kuangalia njia ya sura, na mbele ya kupima mara ingine.

Asikate kikwembe mupya bila kuifua na kuipiga pasi, itapunguka kisha.

Asishike sindano mu kinywa, wala asiichome mu kitanda ao mu nguo anavaa.

Asishone mu giza.

Asipitishe kidole chini ya sindano ya mashini.

Na sindano ikivunjika mu kidole, usiikande, usiichimbe, usingoje kesho. Peleka mutoto ku hospitali, na kile kipande yenye ilibakia ku mashini, bebeni, munganga aone yenye inakosa.